Unga wa Siku Nne

Emilian wa Ipole hakuwa mtu wa kuhesabu siku. Akiingia porini kutundika mizinga, alitoka pale kazi ilipokwisha, na Jumapili ikimkuta huko, alisali huko huko na kumwachia padri wale wasio na nyuki. Kwa hiyo shemeji yake Gerson, aliyekuwa naye kambini, alishangaa kidogo Jumatatu asubuhi alipoulizwa leo ni siku gani. Jumanne akaulizwa tena. Jumatano, kabla hata moto haujashika, aliulizwa mara mbili, na hapo akaacha kushangaa, akaanza kucheka kimoyomoyo. Gerson ni kaka wa marehemu mke wa Emilian, yaani mjomba wa Levina, na hakuna habari ya Levina isiyomfikia.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Levina, binti pekee wa Emilian, alikuwa amemaliza kidato cha sita na kuitwa na vyuo viwili. Kimoja kilikuwa Tabora mjini, chuo cha uuguzi, mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Baba angeweza kwenda kumwona mwanawe akarudi kabla kuku hawajaingia bandani. Kingine kilikuwa Mtwara, cha ufundi wa vifaa vya hospitali. Emilian alimwomba mwalimu wa shule ya msingi amwonyeshe hiyo Mtwara kwenye ramani ya ukutani. Mwalimu akapeleka kidole kulia, kikaenda, kikashuka, kikaenda tena, mpaka kikakaribia msumari wa chini ulioshikilia ramani. Emilian aliaga kabla kidole hakijafika.

Alichokitaka Levina kilijulikana kwa kila mtu, hata kwa mbuzi. Hadubini ya zahanati yao iliharibika miaka miwili iliyopita, ikafunikwa kitambaa cheupe, na tangu hapo makohozi ya wagonjwa wa kifua yalipelekwa Sikonge kwa pikipiki. Levina alikuwa haishi kwenda kuichungulia chini ya kitambaa. Siku moja alikutwa ameshika bisibisi ya baiskeli, akafukuzwa. Redio ya bibi yake alikwisha kuifufua mara tatu, na taa ya sola ya kanisani ilikuwa ikiwaka kwa sababu yake. Uuguzi ni kazi ya heshima, lakini mtoto huyu alikuwa na huruma zaidi na mashine, na si vizuri mgonjwa akapewa nafasi ya pili.

Lakini siku ya kujaza fomu, kwenye duka la Katarina linalotoa fotokopi, baba yake aliketi kando yake akawa anakohoa. Ilipofika mahali pa kuandika chuo cha kwanza alikohoa mpaka Katarina akamletea maji, na Levina akaandika Tabora. Cha pili akaandika Mtwara. Vyuo vyote viwili vilimkubali, na sasa alitakiwa athibitishe kimoja kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, kwa namba ya siri ambayo ingetumwa kwenye simu. Asiyethibitisha angehesabiwa kuwa amekubali kile cha kwanza. Na simu yenyewe ilikuwa kitochi cha Emilian, kwa sababu kitambulisho cha taifa cha Levina kilikuwa hakijatoka na hakuwa na laini yake.

Basi Jumapili, baada ya misa, Emilian akakumbuka mizinga. Nyuki hawamngoji mtu, alisema, maua yanakaribia, na mizinga kumi na miwili imelala uani kama wavivu. Akafunga mizigo kwenye baiskeli. Kitochi akakitumbukiza mfukoni, akaeleza, ingawa hakuna aliyemwuliza, kwamba anakichukua kwa ajili ya mwanga. Kule kambini hakuna mtandao hata wa kuota.

Mama yake, bibi Yustina, alikuwa kizingitini akimenya karanga. Huyu bibi hakuwahi kuchoka kuwakumbusha watu kwamba babu wa marehemu mumewe alikuwa mpagazi, aliyekwenda Bagamoyo na kurudi mara tatu na pembe begani. Enzi hizo, kwa maelezo yake, kijana ambaye hajafika pwani aliketishwa na wanawake kumenya karanga, na wala hakuulizwa maoni. Emilian mwenyewe alikuwa amefika mbali kabisa mara moja tu, Puge, kwenye harusi, na alirudi kesho yake akidai maji ya huko hayana ladha. Bibi alimtazama mwanawe akikaza kamba za baiskeli, akasema wanaume wa ukoo huu walikuwa wakikimbilia pwani na mzigo kichwani, na sasa amebaki huyu anayekimbilia porini na simu mfukoni. Levina hakucheka. Alimletea baba yake mfuko wa unga, kama alivyofanya kila safari tangu mama yake afariki, akamtakia kazi njema.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyajua Gerson, na kwa kuwa shemeji ni wa kutaniwa, alimtania Jumatano nzima. Alimwambia Wakatoliki wana raha, wanatenda Alhamisi na kuungama Jumamosi, ilhali yeye Mmoravian hulazimika kufikiri mapema. Alimwuliza kama kuna nyuki aliyemwagiza arudi baada ya Ijumaa, na kama huyo nyuki ana jina. Emilian aliendelea kukaza kamba za mzinga, akajibu kwamba kazi bado ni nyingi. Njia ya mwongo fupi. Mizinga yote kumi na miwili ilikuwa imekwisha kutundikwa tangu Jumanne, na tangu hapo alikuwa akiishusha na kuihamishia miti ya jirani.

Alhamisi asubuhi Emilian aliingiza mkono kwenye mfuko wa unga akagusa kitambaa.

Aliugeuza, akaukung'uta. Kwa kawaida Levina alimpimia unga wa siku kumi, makopo mawili kwa siku, kwa lile kopo la maziwa ya unga alilolitumia marehemu mama yake. Kopo lile halikuwahi kudanganya. Mama mtu hakukosea hata mara moja, na binti, tangu alipolirithi, hakukosea pia. Emilian alihesabu kwa vidole. Jumapili jioni, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Unga ulikuwa wa siku nne, haukupungua wala kuzidi.

Gerson alisukuma mfuko wake mbele ya shemeji yake. Unga alikuwa nao wa kutosha wote wawili mpaka Jumapili, na asali ya kulia ugali ipo. Utani ulikuwa umemwisha usoni.

"Kula, shemeji," alisema. "Hakuna atakayekulaumu. Utasema ulikuwa porini, na ni kweli ulikuwa porini."

Emilian aliutazama mfuko ule. Alikuwa anamtaka binti yake abaki, na aliona aibu jinsi alivyokuwa akimtaka abaki. Nyumba ile ilikwisha kupoteza mtu mmoja, na aliogopa siku ambayo angeingia jioni akakuta moto haujawashwa. Lakini mtu aliyempimia siku nne alikuwa amejua tangu Jumapili, akanyamaza, na bado akamfungia mfuko vizuri unga usimwagike njiani. Akasimama akatafuta pampu ya baiskeli.

Porini mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja kikubwa kando ya barabara ya Sikonge, na wenye simu wamekipanda mpaka kimekuwa na ngazi. Emilian alikipanda saa sita mchana. Kitochi kililia, kikalia, kikalia. Kampuni ya simu ilimpongeza kwa jambo asilolijua, watu wa bahati nasibu walimwambia amekaribia kushinda, na katikati yao ukakaa ujumbe wa namba sita. Hata sasa angeweza kuufuta. Ila, kusema kweli, kufuta ujumbe hakujua. Mwenye kujua alikuwa Levina. Akashuka kichuguu polepole, mkono mmoja umeshika mfuko wa shati.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali. Levina alikuwa ameketi na bibi yake kizingitini, wote wawili wakimenya karanga. Akamwamkia baba yake shikamoo, akaitikiwa, akampa maji. Emilian alikunywa kopo zima, akatoa simu, akaiweka juu ya karanga.

"Nilichukua simu makusudi," alisema. "Nilitaka Ijumaa ipite nikiwa huko, ubaki Tabora. Nilikuwa nakuibia, mwanangu."

Bibi Yustina aliacha kumenya.

"Najua, baba. Nilikuona ulipoitia mfukoni."

"Na ukaninyamazia?"

"Ningekunyang'anya simu yako?" Levina alichukua karanga moja akaivunja. "Nilisema moyoni, unga ukiisha akakaa huko akala wa mjomba, basi kubaki peke yake kumemshinda kweli. Nitakwenda Tabora, na sitakuwa na kinyongo. Lakini akirudi, ataweza."

Emilian alielewa hapo kwamba ameshindwa kwa baiskeli yake mwenyewe. Kama angekaa, angempata. Alitaka kusema kwamba hawezi, kwamba amerudi kwa sababu ya aibu tu wala si kwa sababu ya nguvu. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameacha kuvunja karanga na alikuwa akingoja jibu kama mtu anayengoja kupimwa damu.

"Nitaweza," akasema. "Sasa hivi bado. Lakini nitaweza."

Bibi akarudia karanga zake. "Mimi nipo. Hajafika pwani, mwanawane, nafasi yake ya kumenya karanga iko wazi."

Ijumaa asubuhi walikwenda wote wawili dukani kwa Katarina. Emilian aliisoma namba ya siri kwa sauti, tarakimu moja moja, kwa mapumziko marefu hivi kwamba Katarina akadhani macho yanamsumbua, akamwazima miwani. Hakukohoa. Levina alibonyeza Mtwara, na kompyuta, ambayo haikujua lolote, ikajibu hongera.

Aliondoka mwezi uliofuata kwa basi la alfajiri, na sanduku la magurudumu ambalo babu mpagazi angelionea wivu. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za kwetu, msafiri akiondoka hapafagiliwi mpaka afike, usije ukafagia na nyayo zake. Kwa mtu anayekwenda Tabora ufagio hupumzika nusu siku. Levina alilala Dodoma, akalala Dar es Salaam, na makaratasi aliyofungia vitabu, vumbi na maganda ya karanga vikabaki sakafuni siku tatu. Majirani walipita wakiuliza kulikoni. Siku ya tatu jioni kitochi kikalia, na sauti ikasema imefika salama na maji ya huko yana chumvi. Siku ya nne bado pakawa hapajafagiliwa. Bibi Yustina akamwambia mwanawe kwamba Levina amelala kwenye godoro jipya, na wao je, walale na maganda mpaka atakapohitimu? Emilian akachukua ufagio mwenyewe. Alifagia vizuri, ila pembe moja aliiruka, na mama yake akajifanya haoni.

Maua yalipofunguka yeye na Gerson walirudi porini kuangalia kama nyuki wameingia. Kwa mara ya kwanza Emilian alijipimia unga mwenyewe. Alikaa jikoni peke yake na lile kopo la maziwa, mlango umerudishwa, na alichukua muda mrefu kuliko mtu anayepika.

Walipofika kambini, Gerson alijitolea kuupokea mfuko ule kutoka kwenye baiskeli, na nusura uende naye chini.

"Shemeji," alisema alipopata pumzi, "huu ni unga wa kwenda Mtwara na kurudi."

Emilian akasema amekosea kuhesabu makopo. Gerson alimtazama mtu huyo, ambaye katika mizinga yake yote themanini iliyotawanyika porini hakuwahi kuusahau hata mmoja ulipo, akaona hana haraka ya kurudi nyumbani, na jibu la utani alilokuwa nalo akalimeza. Akaufunga mfuko vizuri mdomoni, akautundika juu ya tawi mchwa wasiufikie.