Diko la Hadi

Mtu anayekuja Mji wa Kale kuuliza majina ya mahali, mimi simwamini. Watalii huuliza bei. Anayeuliza jina ana lake jambo.

Ndivyo nilivyomwona Wekesa, kijana wa bara aliyesema anafunza chuo kikuu. Alitukuta ufukoni nyuma ya nyumba yetu, mimi na kaka yangu Hadi, fundi wa mashua. Hadi huzipandisha mashua mbovu hapo kwa kuwa upepo wa kusi haufiki. Hana pahala pengine pa kazi, na chakula chetu sote chatoka hapo.

Salamu za Wekesa zilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo nalo likanitia shaka. Simu yake ilikuwa ikirekodi.

"Mama, nakusanya maneno," akasema. "Bandari ni ya meli kubwa. Mahali padogo kama hapa, vyombo vinapojikinga na upepo, mwapaitaje?"

Hadi, na ule ubwege wake wa kupenda kila mtu, akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu.

"Bandari iko Kilindini, mwanangu. Enda kaulize huko."

"Hampaiti diko?"

"Diko gani? Hapa twatupa taka tu."

Akashukuru, akaenda zake. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaonya majirani, nao wakamjibu vivyo hivyo. Nilijiona mjanja, wallahi.

Masika hayajaisha, ufuo ukazungushiwa mabati. Tajiri mmoja alidai ni kiwanja kitupu, hakina kazi kwa mtu. Tukaitwa kwenye kikao cha ardhi. Nikasimama kwa hasira.

"Hili ni diko! Babu zetu wameegesha vyombo hapa, na ndugu yangu yuala riziki yake hapa!"

Wekesa naye alikuwepo. Kumbe alikuwa akitafuta madiko yote ya kisiwa yaandikwe kuwa ya umma, yasiuzwe. Letu halikuwamo katika orodha yake, kwa kuwa sisi wenyewe tulilikana. Wakili wa tajiri akataka sauti iliyorekodiwa kwenye simu ya Wekesa isikizwe. Wekesa alikataa mara ya kwanza, akaamrishwa na mwenyekiti.

Chumba kizima kikanisikia, sauti kavu, haina wasiwasi: "Diko gani? Hapa twatupa taka tu."

Niliona haya hata nikakosa pa kutazama. Nikamgeukia Hadi. Alivuta miguu yake chini ya benchi, akaiweka mbali na yangu.