Shavu la Mguu

"Ni nani alikupiga, Mama Moreen?"

Ndivyo Nanyama, jirani wa mlango wa pili, alivyomwuliza Phelister siku ile ya mwezi wa nne alipomkuta ameketi ukingoni mwa mtaro, leso imelowa tope, shingo ameigeuza nyuma. Phelister mwenyewe alikuwa anamtafuta huyo aliyempiga. Alikuwa ameruka mtaro kama alivyouruka kila asubuhi kwa miaka tisa, tangu yeye na marehemu mume wake Ondiek waje Kampala kutoka Kenya. Mguu wa kulia ulipojisukuma kutoka ardhini akasikia mlio, pa, kisha pigo kama la jiwe juu ya kisigino. Miaka ile watu wa Kampala walikuwa bado wanaujua mlio wa bunduki hata usingizini. Akajipapasa akitafuta damu. Hapakuwa na damu, wala mtu nyuma yake, ila kuku wa Nanyama akichakura.

"Hakuna mtu," akasema. "Mguu umejipiga wenyewe."

"Basi ushitaki mguu," Nanyama akasema, akamshika kwapani kumwinua.

Hospitali walisema mshipa wa kisigino umekatika, ule mnene ambao mchinjaji hupitishia ndoano anapomtundika mbuzi. Wakamfunga plasta mpaka gotini, vidole vikielekea chini, wakamwambia akae.

Akae vipi? Phelister alikuwa mfuaji. Alifua nguo za nyumba sita katika jengo moja la ghorofa nne huko Bugolobi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chumba chake cha Namuwongo. Maji ya bomba hayakupanda kupita ghorofa ya kwanza, na uani kulijaa magari. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika juu, kwenye paa la zege. Jerikeni za maji zilipandishwa ngazi sitini na nane, nguo zikafuliwa huko huko, zikaanikwa kwenye waya. Waya huo ulifungwa na mafundi warefu wasiofua. Phelister alipoanika shuka alisimama kwa ncha za vidole, akairusha, akaivuta ng'ambo, akashuka, akapanda tena. Hakuwahi kuhesabu ni mara ngapi. Mtu hahesabu pumzi zake mpaka kifua kimuume.

Ili nafasi isipotee, akatafuta mtu wa kumshikia. Akamchagua Lamunu, mwanamke Mwacholi wa Kitgum aliyekaa benchi la nyuma kanisani na watoto watatu. Mume wake alikuwa askari, amepelekwa kaskazini, na mwaka wa pili ulikuwa unapita bila barua. Phelister alimpeleka mwenyewe, kwa mguu mmoja na fimbo, mpaka kwa Mama Juliet, msimamizi wa jengo.

"Huyu atanikalia mahali pangu mpaka mguu urudi," akamwambia Mama Juliet. Na walipotoka nje akamwambia Lamunu, kwa kinywa chake, "Usiwe na wasiwasi. Mguu kama huu, ni hadi Krismasi."

"Krismasi ni mbali," Lamunu akasema, na kwa mara ya kwanza Phelister akamwona anacheka.

Plasta ilitolewa mwishoni mwa mwezi wa sita. Phelister akaiweka miguu sambamba juu ya kitanda, akaitazama. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa shavu la mtu anayekula. La kulia lilikuwa limebonyea kama la mgonjwa, ngozi inaning'inia. Akalishika kwa mkono mmoja, vidole vikakutana.

Hospitali wakampa mtu wa mazoezi, Mganda wa makamo, mpole, aliyevaa viatu vya raba. Kila mtu alimwita Musawo, yaani daktari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, lakini alikitumia kwa ajili ya Phelister, kwa sababu Phelister hakukijua Kiganda zaidi ya salamu na bei za nyanya. Akamfundisha kuketi kwenye kiti, kuweka jerikeni yenye maji kidogo juu ya goti, na kuinua kisigino. Baadaye asimame, ashike ukuta, ainuke kwa miguu yote miwili.

"Mala kumi na mbiri," Musawo akasema. "Panda, ngoja, shuka pole pole. Kushuka ndiyo dawa."

Kumi na mbili. Phelister akafurahi, kwa kuwa hakupenda kuhesabu kwa tarakimu. Alihesabu kwa wana wa Yakobo. Alfajiri, baada ya sala, alishika ukuta wa chumba chake na kupanda: Reubeni. Akashuka. Simeoni. Akashuka. Alipofika kwa Yusufu mguu ulitetemeka kama wa mbuzi mchanga, na Benjamini alimpata kwa jasho. Wiki baada ya wiki akamaliza wana wote, akawarudia mara mbili, mara tatu. Lakini hiyo ilikuwa kwa miguu miwili, na wa kushoto ulikuwa unamwibia. Akisimama kwa wa kulia peke yake, hata Reubeni hakuzaliwa.

Wakati huo huo habari zilikuwa zinamfikia. Nanyama aliuza mihogo ya kukaanga karibu na lile jengo, na macho yake hayakuwa na likizo.

"Yule Mwacholi wako anafua huku anaimba," akamwambia jioni moja. "Mama Juliet anasema shuka zake haziburuzi chini hata kidogo. Mrefu yule, mama. Anaanika kama anamvika mtoto shati."

"Mungu ambariki," Phelister akasema, na usiku ule akawarudia wana wa Yakobo mara nne.

Mwezi wa nane akaitwa hospitali tena. Musawo akamlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, akaitazama yote miwili kwa muda mrefu. Akaubonyeza mshipa. Akamsimamisha kwa mguu wa kulia peke yake. Phelister akakaza meno, akavuta pumzi, kisigino kikaachana na sakafu kiasi cha kupitisha bahasha, kikarudi.

"Imeregea," Musawo akasema taratibu, akitikisa kichwa. "Mshipa yako, nnyabo, imeregea. Sasa kazi."

"Kazi, Musawo?"

"Kazi. Kira siku, asubuhi na jioni. Usiache hata siku moja."

Akaandika Kiingereza kwenye kadi, na mgonjwa mwingine akaingia na magongo yake.

Sasa, mwalimu wa dini aliyemfundisha Phelister kusoma, huko kwao Kendu, alikuwa mtu wa pwani, na kwa mwalimu yule kuregea ndiko kurejea. Mvua imeregea. Mwana mpotevu ameregea. Phelister alishuka kutoka hospitali ameshika fimbo kwapani, hakuitumia. Kisigino kilimwambia jambo jingine njia nzima, lakini yeye alikuwa amekwisha kuchagua wa kumsikiliza.

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema jinsi alivyoanguka, jinsi alivyolia, jinsi daktari alivyomshika mguu na kutamka kwamba umeregea, na kwamba kesho anarudi kazini. Watu wakapiga vigelegele. Benchi la nyuma, Lamunu alikuwa anamfunga mtoto wake mdogo kamba za viatu. Aliendelea kuzifunga mpaka wimbo ukaisha.

Mlangoni alimngojea.

"Ulisema Krismasi, Mama Moreen."

"Mungu amefanya haraka."

"Ungeniambia mimi kwanza. Kabla ya Mungu na watu wake wote."

Phelister akasema atamwombea.

Jumatatu alifika Bugolobi kabla ya jua kupanda. Mama Juliet akampokea vizuri, akamwambia jerikeni yake iko pale pale. Akaijaza nusu tu. Ghorofa ya kwanza akapanda kama zamani. Ya pili akagundua kwamba mguu wa kushoto ndio unaopanda, na wa kulia unafuata nyuma kama mgeni asiye na mwaliko. Ya tatu akakaa kwenye ngazi. Aliporudi kuchukua maji ya pili, ya tatu, ya nne, alipanda kwa mkono, akijivuta kwenye chuma cha ngazi, na saa nne ilimkuta ndio kwanza anakamua shuka ya kwanza.

Akaibeba mpaka kwenye waya. Akasimama kwa vidole.

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ukabaki chini, na mwili wote ukainama upande kama gari lenye pancha. Shuka ikaugusa waya, ikateleza, ikaanguka kwenye zege lenye vumbi. Akaisuuza, akajaribu tena. Mara ya tatu alipoiokota aliona viatu vya plastiki kizingitini.

Lamunu alikuwa amesimama mlango wa ngazi. Alikuwa amekuja kuchukua jerikeni yake na kipande cha sabuni.

"Endelea," Lamunu akasema. "Usinione mimi."

"Ni upepo."

"Upepo iko wapi?" Lamunu akatazama shuka nyingine zilizolala ndani ya beseni. Akautazama mguu. "Hebu niambie vizuri. Daktari alisemaje?"

"Alisema mshipa umeregea."

"Hiyo nilisikia kanisani. Nauliza yeye alisemaje, kwa mdomo yake."

"Alisema imeregea. Sasa kazi."

Lamunu akasogea karibu. "Ni Mganda?"

"Ni Mganda."

Basi Lamunu akaketi juu ya jerikeni, akaweka kiganja mdomoni, mabega yakamcheza. Phelister alifikiri analia.

"Mimi nimekaa kambi miaka sita," Lamunu akasema alipoweza. "Tulikuwa na sajenti Mganda. Akisema mkanda imeregea, suruali ya mtu ilikuwa inaanguka. Imelegea, Mama Moreen. Mshipa yako imelegea. Imekuwa ndefu, kama lastiki ya zamani."

Phelister akatazama chini. Aliuona mguu wake ukiwa umesimama pale ndani ya ndala, mwembamba, mtiifu, hausemi neno. Akakumbuka jinsi Musawo alivyotikisa kichwa, na jinsi Kiingereza kilivyojaa kadi nzima. Habari njema haiandikwi maneno mengi kiasi kile. Kazi, alisema. Kira siku. Ilikuwa kazi ya ukutani.

"Nilitaka iwe hivyo," akasema. "Ndiyo maana nilisikia hivyo."

Lamunu aliacha kucheka.

Hatua zikasikika, na Mama Juliet akatokea, amejifunga taulo kichwani, anatweta. Akaona shuka yenye alama ya vumbi, akawaona wote wawili.

"Phelister, saa tano hii. Watu wanataka vitanda vyao. Kuna nini hapa?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema upepo. Lamunu aliinama, akatafuta kipande chake cha sabuni mahali ambapo hakikuwepo. Hakumsaidia wala hakumshitaki.

"Mguu wangu haujarejea, mama," Phelister akasema. "Nilimsikia daktari vibaya, nikakudanganya bila kujua. Sasa najua."

"Utapona lini?"

"Sijui. Nguvu itarudi, lakini sijui lini. Maji siwezi kupandisha. Kuanika siwezi. Kufua naweza, nikiwa nimekaa, na pasi naweza."

"Mimi nilitafuta mtu mmoja." Mama Juliet akapangusa shingo kwa ncha ya taulo. "Siwezi kuweka nusu mtu na mtu mzima kwa mkate mmoja."

"Basi kama ni mmoja, ni Lamunu."

Mama Juliet akamtazama sana, kama mtu anayekagua kola iliyofuliwa. "Amueni wenyewe. Mimi nataka shuka kavu kabla ya mvua." Akashuka.

Wakabaki wawili na beseni. Kutoka kiwanda cha jirani king'ora kilianza, kikaisha.

"Kama utakubali," Phelister akasema, "wewe upande, uanike. Mimi nifue. Mkate tuukate katikati. Ukikataa, sitakulaumu, nitaondoka leo na mahali patakuwa pako." Akaongeza, "Na Jumapili nitasimama tena. Nitasema nilisikia vibaya, na kwamba nilikutoa kazini kwa neno ambalo halikusemwa."

"Watacheka."

"Wacheke."

"Nanyama atalitangaza mpaka Kibuli."

"Na alitangaze."

Lamunu akainuka. Aliiokota shuka yenye vumbi, akaisuuza kwenye maji yaliyobaki, akaikamua kwa mikono miwili mpaka ikalia, kisha akairusha juu ya waya kwa mkupuo mmoja, bila kusimama kwa vidole. Phelister akaishika ncha ya chini na kuinyoosha. Kitambaa kilicholowa kilikuwa katikati yao, na kwa muda hakuna aliyeuona uso wa mwenzake.

"Nilibana pesa iliyobaki, watoto wangu hawakula jana usiku," Lamunu alisema kutoka upande ule. "Walikula ushuhuda wako."

Phelister aliendelea kuipapasa shuka, kuitoa mikunjo mmoja mmoja, hata pale ambapo haikuwa na mikunjo.

Lamunu akazunguka. Akaokota jerikeni yake, akaitikisa, ilikuwa tupu. Akaitazama nyingine iliyokuwa karibu na beseni, ya Phelister, nayo tupu. Akainama akaichukua na hiyo, akatoka kwenye mlango wa ngazi kwenda bombani, jerikeni zote mbili zikigonga ukuta, ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili.