Bomba Lililobaki Chini ya Meza

Tangu mdogo wake afungue gereji, safari za kwenda kwenye uwanja wa magari chakavu zilikuwa za Mama Nati. Wateja ndio waliompa jina hilo, naye alilipenda. Fundi, yaani huyo mdogo wake, alijua gari linataka nini. Dada mtu alijua kitapatikana wapi na kitafunguliwaje. Kisha fundi akaoa, na mke mwenyewe, badala ya kukaa mbali na grisi, akaomba afundishwe kazi.

"Leo nendeni wote wawili," fundi alisema asubuhi hiyo, mkono kiunoni, mgongo umemshika hata kuinama hawezi. "Nataka stata ya kuwashia gari la yule nesi, mteja wetu. Dada, muonyeshe wifi yako vizuri, ili siku nyingine aende mwenyewe."

Aende mwenyewe! Mama Nati aliyarudia maneno hayo moyoni. Akitolewa kwenye safari hizo, atabaki na nini pale gereji? Kufagia?

Kumbe hata mfuko wa vifaa, ambao miaka yote aliufungasha yeye, leo ulikuwa tayari mezani. Wifi ndiye aliyeufungasha, na sasa alikuwa nje ananawa. Mama Nati akaufungua, akatafuta kasoro kwa moyo wote. Spana zimo, zimeviringishwa kwenye kitambaa zisigongane. Mafuta ya kulegeza kutu yamo. Brashi ya waya, tochi, bisibisi, turubai la kulalia chini, na mkebe wa kutilia nati zisipotee. Hata kile kipande cha bomba la chuma kimo, cha kuvalisha kwenye mkono wa spana ili upate nguvu ya kufungulia nati iliyoshupaa. Hakuna kilichosahauliwa, na hilo ndilo lililomuuma.

"Basi leo kuna kitakachosahauliwa," alijisemea. Akachomoa bomba, akalisukuma kwa mguu chini ya meza.

Kule uwanjani mlinzi wa geti aliwapokea kwa kicheko. "Mama Nati! Leo umetuletea mrithi?"

"Mrithi wa nini, kwani nimekufa?"

Wifi alicheka pamoja na mlinzi. Mama Nati hakucheka.

"Haya, wahini. Lile la kijani mliloulizia kwa simu linabebwa leo kwenda kusagwa. Lori liko njiani."

Wifi alitandika turubai, akaingia chini ya gari. Stata ilishikiliwa na bolti mbili. Alizisugua kwa brashi, akazipulizia mafuta, akasubiri yapenye kama alivyofundishwa. Ya kwanza ilitoka kwa kulalamika. Ya pili haikujali. Alivuta, akapumzika, akavuta tena mpaka jasho likamwingia machoni. Mama Nati alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono imefungwa kifuani. Haya sasa, mrithi.

Mwishowe wifi akatoka, akaumwaga mfuko wote juu ya turubai.

"Bomba! Jamani, nimesahau bomba." Akaketi chini. "Na niliapa leo sisahau kitu. Hujui tu, wifi. Kila nikigusa mfuko huu, mdogo wako: dada angeweka hiki, dada asingesahau kile. Dada, dada, mpaka kwenye chai! Kuna siku natamani ungekuwa mvivu japo kidogo."

Mama Nati alishuka kwenye tairi, akasogea. Macho yake yalikuwa yameangukia jozi ya glavu iliyotoka ndani ya kitambaa cha spana. Zilikuwa zake, zile alizozitupa zilipotoboka kidole gumba. Sasa kidole kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa buluu, mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka.

"Hizi nani kashona?"

"Mimi. Nilijua utazitafuta."

Lori likanguruma getini. Mlinzi akapiga kelele, "Akina mama, mwenye mali kaja!"

Mama Nati akavaa zile glavu. "Lete spana namba kumi na saba. Sogea." Akaingia chini ya gari, wifi ubavuni mwake, mabega yamebanana. Akaivalisha spana namba kumi na nne kwenye bolti, kisha akanasa duara la kumi na saba kwenye mdomo wa pili wa ile kumi na nne, spana mbili zikawa moja ndefu. "Wewe kandamiza hapa kichwani isichomoke. Usiachie hata nikikutukana."

Akavuta. Bolti ikalia, ikaachia.

Gerejini, fundi aliigeuzageuza stata mkononi. "Ilisumbua?"

"Kidogo," wifi alijibu. "Nilisahau bomba."

"Unaona? Dada asinge..."

"Dada ndiye aliyelitoa," Mama Nati alisema. Akainama, akalivuta bomba kutoka chini ya meza. "Lilikuwemo. Nimelitoa mimi."

Fundi aliiweka stata mezani. Wifi alilitazama bomba, kisha akamtazama Mama Nati. Akalichukua, akalirudisha mfukoni.

"Kuanzia leo nafungasha mimi," alisema, "na wewe, wifi, hubaki peke yako na mfuko huu."

"Na safari?" Mama Nati aliuliza, sauti chini.

"Tunakwenda wote. Peke yangu, kichwa cha spana atanishikia nani?"

Mama Nati alianza kuziviringisha spana kwenye kitambaa. Alikunja mara mbili, akakunjua. Mkunjo wa wifi ulikuwa mzuri kuliko wake, na bado ulimchoma kidogo. Akausogeza mfuko upande wa pili wa meza. "Hebu nionyeshe unavyokunja."