Nati za Upande Mmoja

Tangu bahari imeze mtaa wa zamani, watu waliishi kwenye nyumba zinazoelea, zimefungwa moja kwa nyingine kwa nati nene kama ngumi. Sheria ilikuwa moja: nyumba inayoingiza maji hufunguliwa ikaenda zake, isije ikazamisha na wenzake.

Mshonaji aliijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo maana, siku ya tatu tangu maji ya beseni yaanze kulalia upande mmoja, alikuwa hajamwambia mtu. Alitia kipande cha ubao chini ya mguu wa cherehani akaendelea kushona, mjukuu wake akichezea vitambaa sakafuni.

Asubuhi hiyo alipotoka nje alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na jirani wa ukuta kwa ukuta, amechuchumaa na kopo la grisi kwenye nati zinazoshika nyumba zao mbili.

"Shemeji, nati zinaolewa leo? Mbona unazipaka mafuta hivyo?"

"Kutu tu, shemeji." Akacheka bila kuinua uso.

"Na zile za upande wako wa pili hazina kutu?"

Alifuta mikono kwenye suruali, polepole mno. "Nitazifikia."

Hakuzifikia. Alifunika kopo, akaingia kwake, akarudishia mlango.

Mshonaji alirudi ndani akamwita binti yake.

"Mpeleke mtoto kwa babu yake mdogo, hapo ng'ambo ya ukuta, akashinde huko."

"Na nguo zake?"

"Zote, mwanangu. Na blanketi."