Dakika Nane za Kutikisa

Mwanamke mmoja alikuwa fundi wa picha kwa miaka kumi na sita. Wote waliojifunza kwake kusafisha filamu aliwaimbia wimbo mmoja: tikisa kopo la dawa sekunde kumi, liache litulie mpaka dakika iishe, kisha tena. Ukizidisha, dawa inakula kwa pupa. Penye mwanga panaungua, picha inatoka nyeupe pee.

Siku hiyo shemeji yake alimletea filamu iliyobaki ndani ya kamera ya marehemu mkewe, dada yake fundi, aliyefariki siku tisa baada ya kujifungua.

"Hana picha nyingine na mtoto," shemeji alisema. "Mle anacheka. Nilizipiga mwenyewe, pale dirishani."

Fundi aliingia chumba cha giza, akaipachika filamu ndani ya kopo, akamimina dawa. Nyuma ya ukuta, shemeji alikokuwa akisubiri, mtoto akaanza kulia. Alimsikia baba mtu akihangaika kumbembeleza, hajui amshike vipi. Kilio kile kilifanana kabisa na cha dada yake. Machozi yakamtoka, na mikono yake nayo ikaanza kulibembeleza kopo, huku na huku, huku na huku. Saa ilipolia, dakika nane zimekwisha, ndipo aliposhtuka: hakuwa amelituliza kopo hata mara moja.

Filamu ilipokauka, palipopaswa kuwa na uso palikuwa peusi tii, maana kwenye filamu palipoungua huwa peusi, mwanga haupenyi. Alichapa, akaongeza mwanga, akaongeza tena. Wapi! Iliyo afadhali ilionyesha sikio, jicho moja, na kiganja kilichoshika shingo ya mtoto. Upande wa dirishani, pamoja na kicheko chote, ulikuwa karatasi tupu.

Kesho yake shemeji alirudi. "Kamera ilikuwa mbovu?"

Angeweza kuitikia, yakaisha. "Hapana. Ni mimi. Nilitikisa mno."

"Wewe? Fundi mzima?"

"Mimi, shemeji."

Shemeji akaichukua ile picha iliyo afadhali, akaitia mfukoni mwa shati. "Leo siwezi kukusamehe. Usinilazimishe."

"Sikulazimishi."

Mlangoni akageuka, mtoto begani. "Jumapili nitamleta. Wewe ndiye mama yake mdogo, hana mwingine."

Akaenda zake. Fundi akafunga mlango, akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, maana sasa hapakuwa na wa kumsikia.