Keki ya Kumkaribisha Solveig

Mama yangu, Solveig, alirudi ofisini mjini Uppsala baada ya likizo ya ugonjwa ya miezi minane. Kazi ilikuwa imemchosha hadi akashindwa kufunga kamba za viatu. Daktari alimruhusu kufanya kazi saa mbili tu kwa siku.

Siku ya kwanza, saa zake zilipokwisha, wenzake wakaleta keki ya kumkaribisha. Kwetu, kuikimbia keki ya ofisi ni karibu sawa na uhaini. Mama alisimama, koti amekwisha livaa.

"Kaa kidogo tu, mwenzetu," mmoja wao akamwambia.

Mama akaanza kuvua koti. Bosi wake, Gunnel, akamzuia, akawageukia wengine.

"Hiyo kidogo tu ndiyo iliyomlaza. Nenda nyumbani, dada. Sisi tutakula."

Akaenda. Kesho yake hakuogopa kurudi.