Honi Mbili Pale Praslin

Kwaru, kwaru, kwaru. Giza lilikuwa bado zito Vernita aliposikia kijiti cha kakao kikikunwa jikoni. Hakuhitaji taa kujua mkunaji ni nani. Baba yake, Mzee Fulgence, alikuwa akiamka wakati huo miaka yote aliyoendesha gari la kupokea wageni uwanja wa ndege, na mwili wake ulikuwa haujapata habari kwamba tangu jana hana safari.

Aliyemnyang'anya safari ni Vernita mwenyewe.

Alijitoa kitandani polepole asimwamshe Kelsia, binti yake wa miaka mitano, akaingia jikoni na kuketi kwenye kigoda.

"Baba, ungelala."

"Nilale nimekuwa nani, padri?" Mzee akamimina maji ya moto juu ya kakao. Harufu ikajaa nyumba. "Ndege yao inatua mchana?"

"Mchana. Wawili, mume na mke, mizigo minne."

"Mvua itanyesha. Ukifika mlimani shuka na gia ndogo, usikae na breki."

"Najua, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ilikuwa kazi ya watu wawili: Vernita hujibu simu na jumbe za wageni, huuliza ndege ya saa ngapi, wanashukia wapi, wana mtoto au mgonjwa, baba hushika usukani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Bwana Polius, mwenye nyumba ya wageni kule Gros Islet, alipopiga simu akiwa amefura. Wageni wake walilipia gari liwe lao peke yao, wakajikuta wamebanana na mama mmoja mwenye gunia la magimbi na kuku mzima. "Kuku, Vernita! Amemnyea mgeni kiatu!" Na haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya kuku kulikuwa na mafundi seremala, na kabla yao kwaya nzima ya kanisa, au nusu yake. Likitokea tena, alisema Polius, kazi ya msimu wote angempa mtu mwingine. Na huyo mzee wako, akamalizia, mwache apumzike.

Wateja wengine wa Vernita walikuwa wa kubahatisha, leo wapo kesho hawapo. Nyumba ya Polius ndiyo iliyokuwa kazi. Ndiyo iliyomfanya aende mjini Castries kila Jumanne jioni, baada ya kumlaza mtoto, kukaa kwenye darasa la utalii na watu waliochoka kama yeye, wakijifunza kwamba mgeni akilipa ananunua ahadi. Alikuwa ameanza kuota gari la pili. Alikuwa hata amelichagulia rangi.

"Na ukimkuta mtu barabarani?" mzee akauliza.

"Nitampita."

"Kwenye mvua?"

"Magari mengine yapo, Baba."

"Yapo. Na madereva wake nao wanasema magari mengine yapo."

"Kuku alimnyea mtu kiatu!"

"Kiatu kilioshwa?"

"Kilioshwa."

"Basi kuku kasamehewa. Aliyebaki na kinyongo ni Polius." Akamsukumia kikombe. Vernita akacheka kwa pua, kakao ikamwingia visivyo, akakohoa mpaka machozi. Baba akampigapiga mgongoni kama alivyompigapiga alipokuwa mdogo. Lakini kulipokucha mzee alichukua panga lake akapanda shambani bila kulitazama gari, na Vernita akabaki mlangoni akiona jinsi mgongo wake ulivyojipinda.

Siku za kawaida Kelsia hushinda kwa jirani yao, Ma Tison, mjane aliyemlea tangu akiwa na wiki moja ili Vernita aweze kufanya kazi. Siku hiyo Ma Tison alikuwa amekwenda Praslin kumjulia hali dada yake. Vernita akampigia Polius kuomba ruhusa ya kwenda na mtoto, akiwa tayari kwa ugomvi.

"Mtoto? Mlete!" Polius akasema. "Wageni wanapenda watoto. Msuke tu vizuri."

Akamsuka. Huku vidole vikienda na kurudi, akawaza: mtoto aliyesukwa ni pambo, mama mwenye gunia ni kero, na wote ni watu wa kijiji kimoja, Bexon, nyumba hii na ile. Hakupenda mawazo hayo yanakoelekea, akayafunga pamoja na utepe wa mwisho.

Kwenye uwanja wa ndege wa Hewanorra alisimama na kibao chake chenye jina. Ndege ilitua salama, na wageni wakatoka: Bwana Ashworth, mrefu, amenyauka kwa safari, na mkewe, aliyekuwa ameshavua viatu na kuvishika mkononi.

"Na huyu ni meneja?" Bibi Ashworth akamuuliza Kelsia.

"Mimi ni Kelsia. Nakaa mbele kwa sababu natapika nyuma."

"Sababu nzuri sana," akasema Bwana Ashworth, na wakaingia garini wakicheka.

Mvua iliwakuta Micoud. Si ya manyunyu, ile ya kumwaga kwa ndoo, waipa zikawa zinapangusa bila faida. Mabasi madogo yaliwapita yamejaa, vioo vimeingia ukungu wa pumzi. Nyuma, Bwana Ashworth alikuwa amefumba macho. Kiti kirefu katikati ya gari kilikuwa kitupu, na Vernita alikiona kila alipotazama kioo.

Wakafika Praslin. Kwenye kibanda cha kituo alisimama mtu mmoja, kofia ya majani, mfuko mkubwa miguuni. Mguu wa Vernita ulikuwa umeshaamua. Ulikaa kwenye mafuta. Lakini mkono haukuwa umeambiwa. Mkono ulijua tu kwamba pale amesimama mtu wa kwao. Ukabonyeza honi. Pii, pii.

Sasa, kwenye barabara ile honi moja ni salamu, lakini honi mbili ni neno. Maana yake nimekuona, shika mzigo, nasimama. Baba yake hakuwahi kubonyeza mbili akapita. Hakuna aliyewahi.

Ma Tison aliinua mkono. Akaokota mfuko wake, akatoka chini ya paa, akateremka mpaka ukingoni mwa lami, mvua ikampokea yote. Uso wake ulikuwa unacheka. Vernita aliuona uso ule kwa upana wa dirisha zima, halafu kwenye kioo cha pembeni, halafu kona ikaufuta.

"Yule mama," Bibi Ashworth akasema, "alikuwa anatupungia sisi?"

"Ndiyo," Vernita akajibu. "Watu wa hapa wanapenda kusalimia."

Kelsia aligeuza shingo akamtazama mama yake. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi.

Kona moja, kona ya pili. Vernita akajiambia: basi lingine litakuja. Akajiambia: nimetoa ahadi. Na hapo ndipo palipomchoma, maana alikuwa ametoa mbili, moja kwa simu na moja kwa honi, na ile ya honi hakuna darasa lililokuwa limemfundisha aifanyeje. Mikono ile iliyokuwa ikisubiri kwenye mvua ndiyo iliyomwogesha mwanawe akiwa na kitovu kibichi.

Juu ya Dennery pana uwazi kando ya barabara, wageni husimama kupiga picha. Akaingia hapo, akazima injini. Bibi Ashworth akaanza kutafuta simu yake kwenye mkoba.

"Hapana, si picha," Vernita akasema. Akageuka kuwatazama. "Nimewadanganya. Yule mama hakuwa anasalimia. Nilimpigia honi, na kwetu honi ile ni kumwambia nasimama. Nikampita. Ndiye anayenilelea huyu. Mmelipia gari liwe lenu peke yenu, na mwenye nyumba amekataza nisibebe mtu. Mkikataa nitawafikisha kwanza, ndipo nirudi."

Bwana Ashworth alifumbua macho. "Kurudi ni mbali?"

"Dakika kumi. Na kumi nyingine za kuja tena hapa."

Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyeota kitanda tangu alfajiri. "Mwenye nyumba atajuaje?"

"Msipomwambia, hatajua."

"Mimi siwezi uongo," Bibi Ashworth akasema. Alisema kwa upole, ila alisema. "Akiniuliza safari ilikuwaje, nitamweleza ilivyokuwa. Sijui nitaelezaje, lakini nitaeleza."

Vernita alihisi gari la pili, na rangi yake, vikijitenga naye kidogo kama mashua iliyofunguliwa kamba. Alingoja aone kama atalia. Hakulia.

"Sawa," akasema. "Mweleze."

"Basi geuza, mwanangu," Bibi Ashworth akamwambia. "Huyo mama analowa."

Akawasha injini, akageuza.

Njia nzima aliomba amkute chini ya paa, au asimkute kabisa, awe ameshapata basi. Hakumkuta chini ya paa. Ma Tison alikuwa palepale ukingoni mwa lami alipoachwa, mfuko mkononi, kofia imelainika mpaka mabegani. Vernita akavuka kituo, akageuza tena, akasimama mbele yake na kukimbia kumfungulia mlango. Mfuko ulikuwa mzito. Matunda mawili ya shelisheli yalichungulia juu.

"Jamani, habari za mchana," Ma Tison akawaambia wageni, akijipangusa uso kwa kiganja. "Samahanini kwa maji. Nitakaa pembeni nisiwaloweshe."

Bwana Ashworth alisogeza miguu yake, akavua koti, akampa. Ma Tison akalishika kwa ncha za vidole, kama kitu cha kanisani.

"Kwa nini hukurudi kibandani, Ma Tison?" Vernita akamuuliza. Alikuwa ameshakaa kwenye usukani, na hakuthubutu kugeuka.

"Nirudi kufanya nini? Si ulipiga honi." Akacheka, meno yakimgongana kwa baridi. "Nilijua huna pa kugeuzia, umekwenda mbele kutafuta."

Waipa zilikwenda, zikarudi. Vernita akatia gia, akaliondoa gari.

Kelsia akapiga magoti juu ya kiti chake, akageukia nyuma.

"Hapana, Ma Tison, tulikuwa tumekupita."